Mafunjo Uani: Bustani Isiyozalisha Mbu

Mgonjwa wa matende anapoketi mbele yangu, humwuliza swali linalomshangaza: maji ya kuogea na kufulia nyumbani kwako huishia wapi? Aghalabu jibu ni moja: huishia uani, kidimbwini. Humo ndimo huzaliana mbu aina ya kuleksi, ambao katika mwambao wetu hueneza minyoo ya matende.

Mmea mmoja wa asili waweza kutusaidia, nao ni mafunjo. Mmea huu wa vinamasi vya Afrika, jamaa ya ndago isumbuayo wakulima, hufikia urefu wa mita 4. Hata hivyo, mafunjo yaliyopandwa katika maji yaliyo wazi huwa makazi mapya ya mbu. Kinga imo katika kokoto.

Chimba shimo lenye kina cha sentimita 60 hivi, penye jua na mbali na kisima. Upana wake utegemee wingi wa maji. Lisakafie kwa saruji, kisha ulijaze kokoto. Maji yapitie kwanza kwenye karo ndogo yenye mfuniko, ili mafuta na mchanga vibaki humo. Tundu la kutolea maji liwe sentimita 5 chini ya uso wa kokoto, hivyo maji yapite yasionekane. Panda vipande vya shina la chini ya ardhi vyenye machipukizi, kila kimoja nusu mita kutoka kingine. Mizizi, pamoja na bakteria waishio juu ya kokoto, hupunguza uchafu. Mabua makavu yakatwe.

Miche iombwe kwa jirani au inunuliwe kwa wauza miche. Kuingia kinamasini miguu mitupu ni kukaribisha kichocho.

Maji ya choo yasiingie kamwe. Maji yatokayo yanyweshee migomba, si mboga ziliwazo mbichi.

Mbu huhitaji takriban siku 7 hadi 14 kutoka yai hadi kuruka. Kwa hiyo kagua kila juma. Ukiona maji juu ya kokoto, zibua tundu au ongeza kokoto.

Bustani hii haichukui nafasi ya kingatiba ya matende wala ya chandarua. Nawe mhudumu wa afya, utembeleapo kaya, usiishie kuhesabu vyandarua. Zunguka uani, uone maji yanakoishia.