Magugu ya Bustani: Yapi ya Kung'oa, Yapi ya Kupika

Kila msimu wa palizi unapofika, kamati za maendeleo za sharika huleta katika ofisi ya miradi ombi linalofanana: fedha za kununulia dawa ya magugu kwa ajili ya shamba la usharika au bustani za vikundi. Ombi hilo lina sababu. Palizi ni kazi nzito, tena kwa sehemu kubwa hufanywa na akina mama. Mahindi yakisongwa na magugu katika wiki za mwanzo, hasara ile hairudi hata yakipaliliwa vizuri baadaye. Hata hivyo, kabla fedha hazijatoka inafaa tuulizane: ni magugu gani hayo, na nani anayatumia?

Gugu ni mmea wowote ulioota mahali ambapo mkulima hakuutaka. Ndiyo maana mgagani, mnavu na mchicha pori ni magugu kwa mgeni anayekagua shamba, na ni mboga kwa mama anayetafuta kitoweo cha jioni. Mwanzoni mwa mvua, chakula cha akiba kikiwa kimepungua na mboga za kupandwa hazijakomaa, kaya nyingi hula ugali kwa majani haya, wala hayanunuliwi. Yana vitamini A, madini ya chuma na kalsiamu kuliko kabichi, ambayo wengi wetu tumeizoea kama mboga ya wageni. Mgagani ni mchungu, kwa hiyo hupikwa kwa maziwa au karanga. Mnavu unataka uangalifu: matunda yake mabichi ya kijani yana sumu, watoto waonywe. Mimea hii imeacha kudharauliwa hata na wataalamu. Kituo cha Mboga Duniani kilichopo mkoani Arusha kimezalisha mbegu bora za mnavu na mchicha kwa ajili ya wakulima.

Dawa zinazoua kila jani la kijani, kama zile zenye glaifoseti, hazichagui. Bomba likipita, mboga hizo hufa. Lakini hazinyauki siku hiyo hiyo. Huchukua siku kadhaa, na mtu asiyejua kwamba shamba limepuliziwa anaweza kuchuma na kupika. Anayepitisha ununuzi wa dawa kwenye kikao mara nyingi siye anayechuma.

Lakini tusiyasifu magugu yote. Ndago ina viazi vidogo vingi chini ya ardhi, na jembe likivitenganisha kila kimoja huchipua. Sangari nayo huota upya kutoka kwenye kipande cha mzizi kilichobaki. Hayo yafukuliwe, yakusanywe na kuanikwa juani mpaka yakauke kabisa. Kishona nguo na kongwa ni nafuu: sungura na nguruwe huyapenda, na majani machanga ya kishona nguo wengine huyala. Yakatwe kabla ya kutoa mbegu, yaanikwe mpaka yakauke kwa kuwa vipande vya shina la kongwa huota upya, ndipo yatandazwe shambani au yaingie kwenye mboji.

Adui wa kuogopwa zaidi ni kiduha. Hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi, mtama au mpunga wa nchi kavu na kunyonya chakula chake, na sehemu kubwa ya madhara huwa imekwisha kutokea kabla hakijachomoza. Kupulizia dawa kikiwa kimechanua hakuokoi mavuno ya mwaka huo. Mmea mmoja hutoa mbegu ndogo kama vumbi kwa maelfu mengi, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10. King'olewe kabla ya maua, na mahindi yachanganywe na desmodiamu, mmea jamii ya kunde ambao mizizi yake hufanya mbegu za kiduha ziote bila kupata pa kujishikiza. Watafiti wa ICIPE nchini Kenya wameeneza njia hiyo tangu miaka ya 1990. Desmodiamu ni malisho mazuri ya ng'ombe pia.

Gugu karoti, lenye maua madogo meupe, halifai kwa lolote. Huwasha ngozi, huleta pumu, na maziwa ya ng'ombe aliyelila huwa machungu. Ling'olewe kwa glavu kabla ya kuchanua, na lisipelekwe sokoni kama maua ya mapambo.

Tunaomba basi kila kamati inayoleta ombi la dawa iandike majina ya magugu yaliyopo, kwa lugha ya kijijini ikibidi, na ieleze kama akina mama wanaochuma mboga katika shamba hilo waliulizwa. Kwa kiduha na gugu karoti, tuko tayari kuchangia mbegu za desmodiamu na glavu. Nao ndugu zetu wafadhili wakiona picha ya mahindi yenye mgagani katikati ya mistari, wasidhani kwamba kikundi kimezembea palizi.