Lozi chungu na lozi tamu: jeni moja ilivyozima sumu

Lozi zinazouzwa madukani ni tamu, ilhali mlozi wa porini huzaa mbegu chungu zenye kemikali iitwayo amigdalini. Mtu anapozitafuna, vimeng'enya vilivyomo huivunja kemikali hiyo na kuachia sianidi. Mbegu chache zaweza kumuua mtoto. Mti wa namna hiyo uligeukaje kuwa zao la bustani? (Msomaji wa pwani asiuchanganye na mkungu, ambao ni mti mwingine kabisa. Mlozi ni jamaa wa mpichi.)

Jibu lilichapishwa Juni 2019 katika jarida la Science na watafiti wa Uhispania, Denmark na Italia. Mtu angedhani kwamba jeni za kutengeneza sumu ziliharibika. Sivyo. Jeni mbili zinazoanzisha kazi hiyo zingalipo ndani ya mlozi mtamu. Kilichobadilika ni msimamizi wake, jeni iitwayo bHLH2.

bHLH ni ukoo mkubwa wa jeni ambao kazi yake ni kuamrisha jeni nyingine. Protini zake hushikamana mbilimbili, kisha hujibandika kwenye kipande kifupi cha DNA na kuamsha jeni iliyo jirani. Ukoo huu hupatikana kwa wanyama, kuvu na mimea. Mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis pekee unazo zaidi ya 150. Uliongezeka kwa kurudufiwa: jeni hunakiliwa kwa bahati, nakala moja ikaendelea na kazi ya zamani, nyingine ikawa huru kupata kazi mpya. Katika mlozi, jeni tano za ukoo huo zimepangana kwenye kromosomu ya 5, mithili ya nyumba za ndugu katika kiwanja kimoja.

Katika lozi tamu, herufi moja tu ya bHLH2 imebadilika, nayo iko mahali ambapo protini hushikamana na mwenzake. Amri haitolewi, na amigdalini haitengenezwi. Jeni za ukoo uo huo ndizo zinazoamua wekundu wa mchele na uchungu wa tango. Yaelekea wakulima wa kale, pasipo kujua, mara nyingi walikuwa wakichagua wasimamizi, si vibarua.

Nakala moja ya jeni iliyobadilika yatosha kuufanya mti uzae lozi tamu. Kwa hiyo mti mtamu waweza kuficha uchungu ndani yake, na miti miwili ya namna hiyo ikichavushana, takriban robo ya miche yake itakuja kuzaa lozi chungu. Ladha yenyewe huamuliwa na mti mama, si chavua. Zamani mkulima alilazimika kungoja miaka kadhaa hadi mche uzae ndipo aonje. Sasa kipimo cha vinasaba katika jani lake chaweza kumjulisha mapema.

Sumu ya aina hii haiko kwenye lozi peke yake. Muhogo nao una linamarini, ambayo vilevile huachia sianidi. Mnamo Septemba 2017, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua na 2 wakafariki baada ya kula ugali wa muhogo. Wa kwanza kugunduliwa walikuwa wamehudhuria mazishi. Uchunguzi ulibaini kwamba chanzo kilikuwa unga wa muhogo uliotoka Tanzania.

Hata hivyo, muhogo haugawanyiki waziwazi kama lozi. Hata ule uitwao mtamu una linamarini, ila kwa kiasi kidogo, na ukame huiongeza. Aidha, wakulima wengi huupenda ule mchungu kwa sababu nguruwe, nyani na wezi huuepuka. Ndiyo maana nyumbani kinga ingali ile ile: kuumenya, kuuloweka kwa siku kadhaa hadi ulainike, kisha kuuanika ukauke sawasawa kabla ya kuusaga.