Carignan: zabibu iliyolipiwa ili ing'olewe, leo divai yake inatafutwa

Kusini mwa Ufaransa, kwa miaka mingi, serkali ililipa walimaji wa zabibu ili wang'oe mizabibu yao. Mti uliong'olewa kuliko mingine unaitwa Carignan. Walisema divai yake ni kali, haina harufu, inafaa tu kwa watu wasiokuwa na feza. Leo, divai nyekundu inayotoka kwa miti michache iliyobaki inawekwa kwenye meza za hoteli kubwa. Nini kilibadilika? Mti ni ule ule. Hapa tunaeleza mambo yalivyokwenda, na namna ya kuonja divai hiyo ukiikuta.

Carignan ni nini?

Ni zabibu nyeusi yenye asili ya Hispania. Jina lake linatokana na mji wa Cariñena, katika eneo la Aragon. Wahispania wanaiita Cariñena ao Mazuelo, na kwenye kisiwa cha Sardinia, Italia, inaitwa Carignano. Mti wake unapenda jua na upepo mkavu, na unavumilia ukame. Lakini uko na kasoro: matunda yanachelewa sana kuiva, na majani yanashikwa kwa urahisi na ugonjwa wa unga mweupe. Tena kikonyo cha shada lake ni kigumu, mashine haikivuni vizuri. Inaomba mkono wa mtu na kisu.

Juu ya nini ilipandwa sana?

Katika miaka ya 1860, kidudu kidogo kinachoitwa phylloxera kiliingia Ufaransa kutoka Marekani. Kilikula mizizi na kuua mashamba mengi ya zabibu. Wakati wa kupanda upya, walimaji wa Languedoc, kusini, walitafuta miti inayozaa mingi. Kazi yao ilikuwa kutoa divai ya bei rahisi kwa wafanyakazi wa viwanda na wa machimbo, watu waliokunywa divai kila siku pamoja na chakula.

Kiisha kulikuwa mambo ya Algeria. Wakati wa ukoloni, Wafaransa walipanda Carignan nyingi kule. Divai nzito ya Algeria ilivuka bahari kuja kuchanganywa na divai nyepesi ya Languedoc, ili ipate rangi na nguvu. Algeria ilipopata uhuru mwaka wa 1962, biashara hiyo ilianza kupungua. Walimaji wa Languedoc wakaongeza Carignan kwao wenyewe ili kuziba pengo. Ndivyo ilivyofika kuwa zabibu nyekundu inayopandwa kuliko zote Ufaransa.

Zarau ilitoka wapi?

Kwenye udongo mzuri wa bondeni, hektari moja ya Carignan inaweza kutoa hata litri 20.000 za divai. Hapo ndipo tatizo linaanza. Mti ukibeba mashada mengi, kila tunda linapata sukari kidogo na harufu kidogo. Kwa kuwa zabibu hii inachelewa kuiva, walimaji wengi walivuna mapema, kabla mvua haijaanguka. Divai iliyotoka ilikuwa na uchachu kama ndimu na ukakasi kama ganda la ndizi mbichi.

Lakini mlimaji alilipwa kwa wingi na kwa nguvu ya kileo. Harufu haikuwa na bei. Aliyevuna kidogo na vizuri alirudi nyumbani na feza kidogo kuliko jirani yake. Walimaji wa kahawa wa Kivu wanaelewa jambo hili bila kuelezwa: mnunuzi akilipa bei moja kwa kahawa nyekundu na ile mbichi, nani atapoteza siku nzima akichagua?

Wakati ule, Wafaransa walikuwa wameanza kupunguza kunywa divai ya kila siku. Matangi yalijaa, bei ikaanguka. Jumuiya ya Ulaya ikaamua kulipa mlimaji anayekubali kung'oa. Mwaka wa 1988, Ufaransa ilikuwa na hektari karibu 167.000 za Carignan. Kufika mwaka wa 2000, zilibaki chini ya 100.000. Mahali pengi walipanda Merlot na Syrah, majina yanayouzika.

Ni nini kilipotea, ni nini kilibaki?

Wa kwanza kung'olewa mara nyingi ni mti mzee, kwa sababu unazaa kidogo. Kwa hesabu ya mlimaji hiyo ni akili: hektari inayotoa litri 2.000 ao 3.000 tu haiwezi kulisha familia kama litri inauzwa kwa bei ya maji. Lakini mti wenye miaka 60 ao 80 ndio ulio na mizizi iliyoshuka chini kabisa katikati ya mawe. Unabeba mashada machache, na kila tunda linashika ladha nyingi. Kuung'oa ni kazi ya dakika chache, kuupata tena ni kazi ya maisha ya mtu mzima.

Walimaji wachache walikataa. Wengine walikuwa vijana wasiokuwa na feza za kununua shamba la maana, basi wakachukua vipande vya milimani ambavyo watu walitaka kuacha. Walipunguza mavuno, wakangojea tunda liive kabisa, wakavuna kwa mkono. Kwenye kijiji cha Montpeyroux, Sylvain Fadat wa Domaine d'Aupilhac ni mmoja wa waliothubutu kutengeneza divai ya Carignan peke yake na kuandika jina hilo mbele ya chupa, wakati wengine waliona haya kulitaja.

Kulikuwa tena ufundi mmoja uliosaidia. Badala ya kuponda zabibu, unaweka mashada mazima ndani ya tangi lililojaa gesi ya kaboni. Uchachukaji unaanza ndani ya tunda lenyewe. Rangi na harufu ya matunda vinatoka, lakini ukakasi mwingi unabaki kwenye ganda.

Sheria nayo ilifuata polepole. Tangu 2005, eneo la Corbières-Boutenac linaomba Carignan iwemo katika divai yake. Hata hivyo, mahali pengi pa Languedoc, divai ya Carignan tupu hairuhusiwi kubeba jina la eneo. Inauzwa kwa daraja la chini, hata kama ni nzuri kuliko jirani yake.

Nje ya Ufaransa

Nchini Chile, kisa ni karibu kile kile. Kisha tetemeko la ardhi la 1939 lililobomoa mji wa Chillán, Carignan ilipandwa katika eneo la Maule ili kutia rangi na uchachu katika divai ya kienyeji. Baadaye ilisahauliwa. Leo kundi la watengenezaji linaloitwa VIGNO linatumia mizabibu ya Maule yenye miaka 30 ao zaidi, isiyomwagiliwa maji. Wazee wenye vipande vidogo vya shamba, waliouza zabibu zao kwa bei ya chini, sasa wako na wanunuzi wanaozitafuta. Kwenye Priorat, Hispania, na Sulcis, kusini mwa Sardinia, mizabibu mizee ya Carignan nayo imepata heshima.

Namna ya kuionja

Huku kwetu chupa ya divai ni feza nyingi, basi ni vizuri kujua unachonunua. Soma etiketi: majina kama Corbières, Minervois ao Fitou mara nyingi yanaonyesha kwamba Carignan imo, ikichanganywa na Grenache na Syrah. Maneno « vieilles vignes », maana yake mizabibu mizee, hayana kipimo cha sheria Ufaransa, basi usilipe zaidi juu ya maneno hayo peke yake. Chupa iliyokaa juani mbele ya duka, uiache.

Watu husema divai nyekundu inyweke bila baridi. Neno hilo linatoka nchi za baridi. Kwa Kindu ao Kisangani, iweke kwanza ndani ya frigo. Digri 16 hivi zinaifaa. Kwa Bukavu ao Butembo, mara nyingi usiku unatosha.

Mimina kidogo, zungusha glasi, nusa. Tafuta harufu ya matunda meusi, majani makavu ya porini, pengine ngozi ao pilipili manga. Mdomoni, uchachu utakuja kwanza, utaamsha mate. Hiyo si kasoro: ndiyo sababu divai hii inakwenda vizuri na mafuta, mfano nyama ya mbuzi ya kuchoma ao maharagi yenye mafuta ya ngazi. Ukakasi utafuata. Ukiuma na kukausha ulimi bila ladha nyingine nyuma yake, zabibu zilivunwa mbichi. Ukishika polepole na tunda likabaki mdomoni, mlimaji alingojea.

Chupa ikifunguliwa, ifunge tena, iweke kwenye frigo, imalize ndani ya siku mbili ao tatu. Na kileo ni kileo: mama mwenye mimba na mtoto hawahusiki, na glasi moja inatosha kuonja.

Mwaka wa 2024, Ufaransa ilitangaza tena euro 4.000 kwa kila hektari ya zabibu itakayong'olewa, juu ya divai nyekundu kukosa wanunuzi. Na safari hiyo, ndani ya mashamba ya Languedoc yaliyoombewa feza hizo, kulikuwa bado mizabibu mizee ya Carignan.