Timu Iliyokataa Kupandishwa Daraja: Mbio za Pikipiki za Uingereza Mwaka 1964

Wasomaji wetu wengi huijua pikipiki kwa kazi zake. Humfikisha mganga zahanati, humpeleka karani ofisini, na huchukua abiria na magunia mpaka sokoni. Huko Uingereza iko pikipiki ya namna nyingine, isiyofaa kwa hata moja ya kazi hizo. Haina taa wala honi, gia yake ni moja tu, tena haina breki. Imeundwa kwa shabaha moja, yaani kushindana katika mchezo uitwao spidiwei. Makala haya yanaeleza mchezo huo, na hasa msimu wa mwaka 1964, ambapo timu 12 za daraja la pili zilishindana tangu mwanzo hata mwisho bila idhini ya wakuu wa mchezo. Chanzo cha ugomvi kilikuwa kigeni kidogo: timu bingwa iliamriwa ipande daraja, nayo ikakataa.

Kwanza tuseme mchezo wenyewe ulivyo. Njia yake ni ya mviringo kama yai, urefu wa yadi 300 hadi 400 hivi, nayo hutandazwa majivu ya makaa au mawe mekundu yaliyosagwa. Mara nyingi huwa ndani ya uwanja uliojengwa kwa mbio za mbwa. Waendeshaji wanne hujipanga nyuma ya kamba. Kamba ikirushwa juu, wote hutoka kwa kishindo na kuzunguka mara nne wakielekea kushoto. Mambo yote huisha kwa dakika moja na sekunde chache, na mtazamaji aliyeinama kuwasha kiko huweza kukosa nusu ya mbio. Injini ni ya silinda moja yenye ujazo wa sentimita 500, nayo huenda kwa methanoli, ambayo ni namna ya spiriti.

Msomaji atauliza, kwa nini breki zimeondolewa? Sababu ni usalama. Waendeshaji hupita wakiwa wamekaribiana sana, pengine gurudumu kwa gurudumu. Mmoja wao akifunga breki ghafula, walio nyuma watamgonga bila shaka. Basi mwendeshaji hupunguza mwendo kwa kuliachia gurudumu la nyuma liteleze kwa nje, huku akiligeuza la mbele upande ulio kinyume na kona. Mguu wake wa kushoto hukokotwa chini, umevikwa kiatu chenye soli ya chuma. Mtu anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani kwamba pikipiki inaanguka. Kumbe huko kuteleza ndiko ufundi wenyewe.

Katika mashindano ya timu, kila mbio huwa na waendeshaji wawili wa wenyeji, wenye kofia nyekundu na buluu, na wawili wa wageni. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hapati kitu. Miaka ile mashindano yalikuwa na mbio 13, kwa hiyo jumla ya pointi ilikuwa 78, na timu iliyofikisha 40 ilikuwa imeshinda. Kwa hesabu hiyo mtu hodari peke yake haitoshi timu. Akishika nafasi ya kwanza na mwenzake akawa wa mwisho, pointi hugawanyika sawa, 3 kwa 3. Lakini wawili wa timu moja wakitangulia pamoja, huchukua 5 na kuwaachia wengine 1. Ndiyo sababu mwendeshaji mwerevu aliye mbele hugeuza kichwa kumtafuta mwenzake, akamwachia nafasi ya kupita kandokando ya ukingo.

Mchezo huu si wa asili ya Uingereza. Johnnie Hoskins, mzaliwa wa New Zealand, aliuandaa katika mji wa West Maitland, Australia, mwaka 1923. Uingereza uliingia rasmi tarehe 19 Februari 1928 huko High Beech, katika msitu wa Epping karibu na London, na watu waliofika walikuwa wengi mno kuliko waliotazamiwa. Mwaka uliofuata ligi zilianzishwa. Baada ya vita kuu ya pili watu walikuwa na kiu ya burudani, na viwanja vilijaa hata ikawa kuna daraja la kwanza, la pili na la tatu. Kisha neema ikapungua. Kodi ya burudani ilikula mapato ya mlangoni, na televisheni ikawafundisha watu kukaa nyumbani jioni. Viwanja vikafungwa kimoja baada ya kingine, na mwaka 1957 daraja la pili likamezwa na la kwanza, kwa kuwa timu hazikutosha tena kuyajaza madaraja mawili.

Hapo ndipo, mwaka 1960, baadhi ya wenye viwanja walipoanzisha Ligi ya Mikoa. Timu zilikuwa 10, miongoni mwake Rayleigh, Poole, Stoke, Edinburgh na Liverpool. Viwanja vyao havikuwa na fahari, na waendeshaji wao walikuwa vijana wasiojulikana pamoja na wazee wa kazi walioachwa na timu kubwa. Malipo, ambayo hufuata idadi ya mbio na pointi, yalikuwa madogo kuliko ya Ligi ya Taifa iliyokuwa juu yao. Lakini gharama nazo zilikuwa ndogo, na mlango uliweza kulipia mchezo. Rayleigh ilikuwa bingwa wa kwanza, Poole ikatwaa taji mwaka 1961 na 1962, na Wolverhampton mwaka 1963. Ligi ya chini ilikuwa inanenepa, na ile ya juu inakonda.

Mwisho wa msimu wa 1963 uwanja wa Southampton ulifungwa, na Ligi ya Taifa, ambayo ilikuwa na timu 7 tu, ikabaki na 6. Halmashauri iliyosimamia mchezo ikaamua kwamba Wolverhampton, kwa kuwa ni bingwa wa chini, ipande kuziba pengo. Katika mpira wa miguu habari ya namna hiyo hupokewa kwa shangwe. Wolverhampton haikushangilia. Kupanda kulikuwa na maana ya kuwalipa waendeshaji ghali zaidi, kuacha kushindana na majirani kama Cradley Heath ambao mashabiki walipenda kuwaona, na kuingia katika ligi ambayo hakuna aliyejua kama ingeishi mwaka mwingine. Wenzao wa Ligi ya Mikoa waliwaunga mkono. Halmashauri nayo haikulegea, ikakataa kuipa ligi hiyo kibali kwa mwaka 1964.

Halmashauri ilikuwa na hoja, maana mchezo usio na daraja la juu hauna mahali pa kumpeleka kijana aliye hodari. Lakini dawa waliyoichagua ilikuwa ya kumtoa damu mwenye afya ili kumtia mgonjwa, na ni shida kumlaumu mwenye afya akikimbia. Baadaye West Ham ya London ilifufuliwa na kuijaza nafasi ile ya saba, ila ugomvi ulikuwa umekwisha kuota mizizi.

Basi Ligi ya Mikoa ikaendesha mbio zake bila kibali. Timu zilikuwa Newcastle, Hackney, Cradley Heath, Poole, Exeter, Wolverhampton, Middlesbrough, Edinburgh, Sheffield, Newport, Glasgow na Long Eaton. Ile ya Glasgow ilikuwa imehamishwa na Trevor Redmond kutoka St Austell, pembe ya kusini magharibi kabisa, hadi Scotland. Kila timu ilikutana na kila mwenzake nyumbani na ugenini, yaani mashindano 22. Safari kutoka Exeter mpaka Glasgow ilizidi maili 400, na mara nyingi mwendeshaji alikuwa ndiye dereva na ndiye fundi wa pikipiki yake.

Adhabu ya ugomvi iliwaangukia hao waendeshaji, ambao hawakuketi kwenye meza ya mazungumzo. Aliyeshindana katika ligi isiyo na kibali hakuruhusiwa kuingia katika mashindano ya ubingwa wa dunia, wala kukaribishwa na timu za Ligi ya Taifa. Hapo kabla ligi hizi mbili zilitembeleana. Katika matembezi kama hayo, Septemba 1963, Belle Vue ya Manchester ilikwenda Edinburgh ikiwa na Peter Craven, bingwa wa dunia wa 1955 na 1962. Craven alijaribu kumkwepa mwenzake aliyeanguka mbele yake, akagonga ukingo wa uwanja, naye alifariki siku nne baadaye. Watu wa ligi zote mbili walimwomboleza pamoja. Kabla ya mwaka kwisha tangu siku hiyo, hawakuruhusiwa hata kushindana.

Aliyekuwa na mengi ya kupoteza ni Ivan Mauger wa Newcastle. Huyu alitoka New Zealand akiwa na umri wa miaka 17, akajaribu bahati yake Wimbledon, hakufanikiwa, akarudi kwao. Mwaka 1963 Newcastle ilimpa nafasi ya pili katika Ligi ya Mikoa, naye akashinda taji la waendeshaji wa ligi hiyo mwaka huo na tena 1964, mwaka ambao Newcastle yenyewe ilitwaa ubingwa wa timu. Hata hivyo mwaka 1964 mlango wa ubingwa wa dunia ulikuwa umefungwa kwake. Taji hilo lilichukuliwa na Barry Briggs, naye pia wa New Zealand, huko Gothenburg nchini Sweden.

Msimu ulikwisha bila ligi ile kuanguka, na wakuu wakatambua kwamba hawawezi kuendelea kudai kuwa haipo. Lord Shawcross, mwanasheria aliyeongoza mashtaka ya Uingereza huko Nuremberg baada ya vita, alipewa kazi ya kuuchunguza mchezo mzima. Matokeo yake yalikuwa kuunganishwa kwa ligi zote mbili. Norwich ilikwisha kufungwa, na mahali pa Middlesbrough palichukuliwa na Halifax. Mwaka 1965 ikaanza Ligi ya Uingereza yenye timu 18, na bingwa wake wa kwanza alikuwa West Ham. Wolverhampton iliingia pamoja na majirani zake wote, kama ilivyotaka.

Mauger aliruhusiwa kuingia mashindano ya dunia. Mwaka 1966 alikuwa wa nne, mwaka 1967 wa tatu, na mwaka 1968 akawa bingwa. Kabla hajastaafu alikuwa ameshinda taji hilo mara 6, mara ya mwisho ikiwa 1979. Alifariki mwaka 2018.

Muungano huo ulileta upungufu mmoja, nao ni kwamba kijana anayeanza hakuwa tena na daraja la chini la kujifunzia. Ilichukua miaka mitatu kulirekebisha jambo hilo. Mwaka 1968 daraja la pili lilirudishwa kwa timu 10, kama idadi ile ya 1960, na safari hii lilikuwa na kibali. Bingwa wake alikuwa Belle Vue Colts, timu ya vijana ya klabu ileile ya marehemu Craven, ambayo ilishinda tena mwaka 1969.