Hita Plagi: Bei Ndogo, Hasara Kubwa

Ni alfajiri ya Julai huko Njombe. Pikapu ya dizeli imepakia kabichi za sokoni, lakini haiwaki. Betri ni nzima, mafuta yamo. Kulikoni?

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hubanwa hadi iwe na joto la kuwasha mafuta. Kwenye baridi, chuma hunyonya joto hilo. Ndipo hita plagi, moja kwa kila silinda, hutangulia kupasha chumba cha moto; ncha yake hupita nyuzi 800.

Kuinunua si kazi. Kazi ni kuifungua. Masizi huigandisha, ncha huvimba, na fundi mwenye pupa akilazimisha spana, hukatikia ndani. Hapo huenda silinda hedi ikashushwa na gasketi ikanunuliwa mpya, huku kabichi zikioza.

Basi fundi aifungue injini ingali na joto, atie mafuta ya kulegeza kutu, asubiri, azungushe taratibu. Mpya nayo iwe na volti zile zile, la sivyo huenda ikaungua.

Haraka haraka haina baraka.