Betri Imekufa au Imelala?

Ni saa kumi na moja alfajiri. Mitungi ya maziwa imeshapangwa kwenye pikapu ya kikundi. Dereva anageuza ufunguo, gari linalia "tik", kisha kimya. Mara kila mtu ana neno lake: "Betri imekufa! Tuchange tununue nyingine."

Ndugu wanakikundi, ngojeni kidogo. Betri ikishindwa kuwasha gari si lazima iwe imekufa. Mara nyingi imelala tu: imeishiwa na chaji, imekosa maji, au nyaya zake zimelegea. Mkinunua mpya bila kujua chanzo, hiyo mpya nayo italala, na pesa za kikundi zitakuwa zimepotea bure.

NDANI YA BETRI KUNA NINI?

Betri ya gari ya volti 12 ina vyumba 6. Kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Ndani kuna sahani za risasi zilizozama katika asidi iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, sahani hushikwa na utando mweupe. Ikichajiwa, utando huo huondoka. Lakini ikiachwa wiki nyingi bila chaji, utando unakuwa mgumu na hauondoki tena. Hapo ndipo betri inapokufa kweli. Kwa hiyo betri iliyolala isiachwe pembeni "mpaka tupate pesa". Ichajiwe mapema.

ANZENI NA MAMBO YASIYO NA GHARAMA

1. Tazameni vichwa vya betri. Je, nyaya zimelegea? Kuna unga mweupe au wa kijani? Zimeni gari, fungueni waya mweusi (hasi) kwanza, halafu mwekundu (chanya). Sugueni unga huo kwa maji moto yenye magadi, lakini yasiingie ndani ya betri. Wakati wa kurudisha, anzeni na mwekundu, mweusi uwe wa mwisho. Kazeni vizuri, kisha pakeni grisi kidogo.

2. Angalieni maji, kama betri ni ya vifuniko. Sahani zote ziwe zimefunikwa. Yakipungua, ongezeni maji yaliyosafishwa ya betri, si ya mto wala ya kisima, kwa sababu hayo yana chumvi. Mkienda dukani mwe waangalifu: wengine husema "maji ya betri" wakimaanisha asidi. Msiongeze asidi. Kinachopungua kwa joto na kuchaji ni maji. Asidi hubaki ndani.

3. Ulizeni: nani aliacha taa au redio usiku? Hakuna aibu hapa, ni kutafuta ukweli tu.

4. Kagueni mkanda unaozungusha alitaneta. Ukiwa umelegea au umekatika, betri haichajiwi hata mkiendesha kutwa nzima.

Fundi mwenye mita anaweza kuwapa jibu kwa dakika chache. Gari likiwa limepumzika saa kadhaa, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 inahitaji chaji haraka. Kisha apime injini ikiwa inanguruma: kwa kawaida isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12, ugonjwa uko kwa alitaneta, si kwa betri.

KUOMBA UMEME KWA GARI LA JIRANI

Mkiwa na nyaya za jampa, hakikisheni magari yote mawili ni ya volti 12, yamezimwa, na hayagusani. Fuateni mpango huu:

1. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyolala.
2. Ncha ya pili ya mwekundu kwenye chanya ya betri nzima.
3. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima.
4. Ncha ya mwisho ya mweusi kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililolala, mbali na betri.

Washeni gari zima, lingurume dakika chache, halafu jaribuni lenu. Likiwaka, toeni nyaya kwa kurudi nyuma: anzeni na namba 4, mmalize na namba 1. Kuendesha dakika kumi hakutoshi kujaza betri. Ipelekeni kwa mchajishaji, na mwambieni asiiharakishe. Chaji ya polepole huchukua usiku mzima, lakini ndiyo inayoiponya.

Kwa nini ncha ya mwisho isiwekwe kwenye betri? Kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Hivyo basi, hakuna sigara, kibiriti wala koroboi karibu nayo. Asidi ikimrukia mtu machoni, mwosheni kwa maji mengi safi bila kukoma kwa dakika 20, kisha hospitali mara moja.

IKIWA IMEKUFA KWELI

Ikichajiwa ikajaa, na kesho yake imelala tena bila kitu chochote kuitumia, basi imekwisha. Imepasuka au imevimba? Hiyo msiijaribu kabisa.

Lakini msiivunje ili kupata risasi ya kuuza, wala kumwaga asidi shambani. Risasi ni sumu, na huwadhuru zaidi watoto wadogo, hasa akili zao. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na risasi ikaingia katika damu ya watoto wao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, lakini fidia haimrudishii mtoto afya yake. Betri kuukuu ipelekeni nzima, ikiwa imesimama wima, kwa duka linalopokea za zamani. Maduka mengi huwapunguzia bei ya mpya.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani kati yetu anayekagua maji na vichwa vya betri kila mwezi? Kama hakuna, tumchague leo.
2. Betri yetu ya mwisho ilikufa kwa sababu gani? Tulijua, au tulikisia tu?
3. Betri kuukuu za kijiji chetu huishia wapi? Je, watoto huchezea hapo?