Mtoto Akishikwa na Homa Wakati wa Kupalilia

Maharagi ya msimu A hayamngojei mtu. Yakipita wiki ya 3 bila kupaliliwa, magugu yanakula mavuno. Yakishatoa maua, jembe linaangusha maua hayo. Na ni wiki hiyo hiyo mtoto anashikwa na homa! Mama wa Masisi ao wa Walikale achague nini?

Mara nyingi mgonjwa anaachiwa dada yake wa miaka 8. Hatulaumu bamama, lakini dada huyo hajui saa ya dawa. Akiisha kupimwa na kuonekana ni malaria, vidonge ni vya siku 3, hata kama homa imeshuka.

Basi kikundi kipatane mbele ya kupanda: mwenye mgonjwa anabaki nyumbani, wenzake wanapalilia shamba lake, naye anarudisha siku hizo baadaye, kama kwenye likilimba. Ziandikwe kwenye daftari. Na baba ashike zamu pia. Kuponda kidonge kwenye kijiko si kazi ya bamama peke yao.

Lakini mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu ao akipata degedege, tusingoje zamu ya mtu. Twende kituo cha afya saa ile ile, hata kama ni siku ya kulima kwa prezida wa koperative.